Perege Amekubali Kupimwa

Mie nimeishia darasa la nne, na bwawa la samaki nimelichimba mwenyewe, bondeni Kinyerezi, pale ambapo wasomi waliona dimbwi la mbu tu. Nilitoka Mtwara na patasi ya kuchongea vinyago. Leo vifaranga vya perege vinatoka kwangu vinakwenda kwa wafugaji mpaka Tegeta. Mfereji wa kuleta maji kutoka kijitoni niliupima kwa jicho, bila injinia, na maji yakaja. Wenzangu wana vyeti. Mie nina maji.

Kwa hiyo vifaranga vilipoanza kupungua nilijua kosa ni la nani. La majike, la nani tena? Perege jike hubeba mayai yake mdomoni. Ukitaka kujua kama kazi imefanyika, unamshika, unamfunua mdomo. Nikafunua. Patupu. Nikawauza wote wakakaangwe, nikaleta majike wengine kutoka Morogoro, wanene, wa heshima zao. Patupu vilevile. Nao wakaenda kwenye mafuta. Madume sikuwagusa. Dume ana kosa gani? Ni kweli walikuwa wameacha kuchimba yale mashimo yao ya kuzalishia, na rangi zimewafifia kama kanga ya miaka, lakini nikasema hao wamechoshwa na wake wabaya.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanachemka. Mwanangu wa kwanza alikuwa ameoa binti wa Lindi, miaka inakwenda, mtoto hakuna. Dada yangu, ambaye Mungu alimpa sauti akasahau kumwekea breki, alikuwa ameshapanga Jumapili ya kikao ili mkwe wetu arudishwe kwao. Mie sikupinga. Halafu siku moja tunakula, nikasema, tena nazungumzia samaki, naapa samaki tu: "Jike asiyezaa hakai bwawani kwangu."

Mkwe alikuwa anapakua wali. Akaweka upawa chini taratibu, akaingia jikoni, hakutoka tena.

Mke wangu akanikazia macho. "Na madume umeshawapima?"

"Dume anapimwa nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, fundi."

Wiki hiyohiyo akaja binti mmoja bwawani, kavaa buti za mpira, kabeba boksi la barafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi kitu. Natoka chuo kikuu, tunaangalia maji ya mitoni yanawafanya nini samaki. Naomba madume wachache."

Hatimaye mtu mwenye akili, nikajisemea, anayejua thamani ya dume. Nikamvulia wakubwa. Akawatoa damu kwa sindano nyembamba, kisha akawapasua, akachukua vipande vya ndani akavitia kwenye vichupa. Nikamshauri, maana ushauri natoa bure:

"Umekosea, mwanangu. Wagonjwa ni majike."

"Damu ya jike haitanisaidia, mzee. Jike kuwa na protini ya kiini cha yai ni kawaida. Dume akiwa nayo, ujue kuna kitu majini kinaudanganya mwili wake."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Siku aliporudi na majibu sikucheka. Alikuwa na picha kwenye simu: korodani ya dume wangu, imekatwa nyembamba kama karatasi, imekuzwa. Katikati yake kuna viduara, vimejipanga kama maandazi kwenye sinia.

"Hivi ni nini?"

"Mayai machanga."

"Ndani ya dume?"

"Ndani ya dume wako, mzee."

Akanieleza kwamba kijito chetu kinapokea bonde zima: vyoo vinavyofurika, mabaki ya dawa tunazokunywa, sabuni, na mengine mengi. Humo kuna vitu vinavyojifanya homoni ya kike. Nikamuuliza ni kipi hasa.

"Bado sijui. Samaki wamenionyesha kwamba kipo. Kukitaja jina ni kazi nyingine."

Msomi anayesema hajui! Nikamheshimu hapohapo. Na hayo yote yalikuwa yameletwa bwawani na nani? Na mfereji wangu, ule wa jicho, bila injinia, bila kupoteza hata tone. Nikauziba jioni ileile, na kuuza nikasimamisha. Jirani akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua: "Bosi, hongera! Nasikia madume wana ujauzito!"

Jumapili dada yangu akafika, kajifunga kanga ya vita. Hajamaliza hata salamu, akaanza: "Huyu binti wa watu..."

"Dada, kaa kwanza," nikamwambia. Nikamgeukia mwanangu. "Wewe umeshapimwa?"

Akasimama. "Baba, unanilinganisha na perege?"

"Perege amekubali kupimwa. Wewe je?"

Mke wangu akaanza kucheka, akajizibia mdomo kwa mtandio. Dada akasema tangu lini katika ukoo wetu mwanamume akapimwa. Nikamwambia tangu leo, na kikao kimefungwa, kwa sababu nyumba ni yangu na viti ni vyangu.

Jumatatu asubuhi mwanangu na mkewe wakaondoka pamoja kwenda hospitali. Majibu wamepata, ni yao. Mie sijauliza, na kwa mtu kama mie, kutouliza ni kazi ngumu kuliko kuchimba bwawa. Ninachojua ni kwamba mkwe yupo, na wali anapakua yeye, na siku hizi nikitaka kusema habari za majike mezani, upawa unasimama hewani mpaka ninyamaze.