Kometi Niliyokataa Kuitazama

Nakumbuka jioni moja ya msimu wa senene, wale panzi tunaowakaanga, mwanangu, nilipomharibia rafiki yangu jina bila hata kupandisha sauti. Sasa mvi zimenijaa, niko hapa Kagondo nikipalilia migomba yangu, na bado naona aibu. Kaa nikueleze.

Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi karibu na Nshamba. Nilifundisha sayansi, na watu walinijua kwa hilo. Mzazi akikutana nami gulioni alinivulia kofia, akaniuliza habari za radi na umeme kana kwamba mimi ndiye niliyeviumba. Nilipenda mno, nisikufiche. Mwenzangu Deogratias, tuliyemwita Deo, alifundisha uimbaji na kilimo. Tulikaa nyumba moja ya walimu, tukila ndizi za sufuria moja na kuazimana mashati.

Mwaka ule redio ilitangaza kwamba kometi inakaribia jua. Kometi ni zile nyota zenye mkia ambazo wazee wetu walizihofia. Kumbe ni bonge la barafu na vumbi linalolizunguka jua. Nyingine zikipita hazirudi mpaka wajukuu wa wajukuu. Hii ilikuwa ya mzunguko mfupi, inarudi kila baada ya miaka kama sita. Kwa macho matupu haikuonekana, lakini shule ilikuwa na darubini ya kushika mkononi, ile ya macho mawili, aliyotuachia padri mmoja mzee. Nikawatangazia wanafunzi na wazazi wao kwamba mimi nitaitafuta na kuwaonyesha.

Jioni tisa nilisimama uwanjani jua likishazama, nikielekeza darubini magharibi, juu kidogo ya vilima. Sikuona kitu. Nilikuwa nikitafuta mkia mrefu unaong'aa, kama wa kwenye picha za kitabu. Nikichoka, Deo aliiomba darubini, akaketi na daftari lake, akachora nyota moja moja kwa penseli. Nilimcheka moyoni. Mwalimu wa nyimbo anajua nini?

Jioni ya kumi alinijia mbio. Alisema ameona kidoa cheupe, hafifu kama pumzi juu ya kioo, na kwamba jana kilikuwa upande huu wa nyota fulani, leo kimehamia upande wa pili. Akanionyesha michoro. Nyota hazihami hivyo.

"Ndiyo yenyewe, Fausti," alisema. "Njoo uitazame kabla haijazama."

Nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha. Sikuwa na hata moja.

Kesho yake shule nzima ilimsifu Deo. Chanda chema huvikwa pete, na mwalimu mkuu akaahidi kuwaita wazazi waione wenyewe, kisha aipeleke michoro Bukoba mjini kwa watu wanaojua mambo ya anga. Mzazi mmoja aliyezoea kunivulia kofia alinipita bila kuniona, akamkimbilia Deo. Chakula kikaniwia kichungu. Nilimsikia Deo akiimba huku akimenya ndizi, nikaichukia sauti ambayo mwezi mmoja nyuma nilikuwa nikiiitikia. Nikajiambia ile darubini ilikuwa yangu kwanza. Nikajiambia ameniibia. Wivu, mwanangu, ni hodari wa kukupa sababu.

Jioni ya wazazi tulikaangiwa senene. Deo alikuwa nje akiwapanga watu foleni, na darubini ilikuwa mezani mbele yangu. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta. Nikatazama mlangoni, nikavipitisha juu ya vioo vyote.

Watu walitazama mmoja mmoja, wakaona ukungu mtupu. Ndipo nikasema, kwa upole wa kitaalamu, "Jamani, msimlaumu. Amedanganywa na doa la kioo."

Deo aliichukua darubini, akaitazama, akainusa. Kisha akanitazama mimi. Alijaribu kuifuta kwa shati, mafuta yakazidi kusambaa, na vioo vilipotakata kometi ilikuwa imezama nyuma ya kilima. Watu wakatawanyika wakicheka. Siku zilizofuata mvua haikukatika, kometi ikaenda zake. Watoto wakamwita Mwalimu Doa. Mwalimu mkuu akamrudishia daftari lake. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa Deo nilikuwa mimi. Hakunishtaki kwa mtu. Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho, akaenda kufundisha kisiwani, kwa wavuvi wa Muleba.

Likizoni nilimsimulia baba yangu, nikidhani atacheka. Baba hakujua kusoma. Alikuwa akianika kahawa, na aliendelea kuianika mpaka nikamaliza.

"Yeye alishaiona," akasema. "Alikuita, ukakataa. Sasa aliyenyimwa ni nani?"

Nilibaki na swali hilo miaka sita.

Redio ilipotangaza kwamba kometi inarudi, niliomba darubini ya shule, nikashuka mwaloni, ufukweni wanakotia nanga wavuvi wa ziwa, nikapanda boti. Deo nilimkuta ameoa, anaheshimiwa na wavuvi. Nilimwambia kosa langu kabla hatujamaliza kusalimiana.

"Nilijua jioni ile ile," alisema. "Mafuta ya senene yana harufu. Nilikusamehe zamani, Fausti. Ila sikuchora tena."

Jua lilipozama alinishika mabega, akanigeuza kidogo, akaniambia nisitafute mkia. Nikaiona. Kidoa cheupe, kidogo, kimetulia. Nilikuwa nimemletea daftari jipya na penseli, nikamnyooshea. Akatikisa kichwa, akasema nichore mimi. Nilichora, vibaya. Tulibaki marafiki mpaka alipofariki, lakini mkono wake haukurudi kwenye penseli. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nisikie. Wivu utakufikia, maana wewe ni binadamu. Mwenzako akikuita uone alichokipata, nenda, hata kama moyo unakuuma. Nenda nao ukiwa unauma hivyo hivyo. Msifu kwa mdomo moyo ukiwa bado unagoma, nao utafuata polepole. Usikae peke yako na sababu zako, maana hapo ndipo mkono hupata kazi mbaya. Na kama umeshamkosea mtu, mwendee wiki hii. Mimi nilisamehewa, lakini kipaji nilichokiua hakikufufuka, na hadi leo sijui Deo angechora nini.

Mungu akupe moyo unaoshiba kwa furaha ya jirani. Akupe marafiki wa kukuita, na miguu myepesi ya kuitika. Mikono yako ijenge, mwanangu, na popote itakapogusa, watu waseme asante.