Kichwa cha Samaki wa Baba

Kichwa cha samaki aliyewekewa Baba nilikila mimi. Nilikanusha kwa miaka mingi, na aliyechapwa na Mama ni dada yangu. Tangu siku hiyo alisema alionewa. Mimi, niliporudi Kisumu na shahada yangu kutoka Maseno, nilimweleza kwamba wanaoonewa ni vibarua na wapangaji; lake lilikuwa kosa dogo la jikoni.

Hatimaye nilimwandikia barua ya kukiri, kurasa tatu, mbili zikiwa za kufafanua neno “kuonewa”. Akanipigia simu kutoka Port Victoria, anakouza samaki.

“Nilijua siku ileile, mwalimu. Kidevu chako kilikuwa na mafuta. Nilikuwa nangoja tu uache kunifundisha maana ya kuonewa.”