Herufi A ya Bibi Mwanahawa

Aibu yangu ilianza Jumatano saa tisa na dakika ishirini alasiri. Muda nina uhakika nao kwa sababu nilikuwa nachungulia saa ya Rehema nikiomba kengele ya kutoka ilie, na kama ingelia dakika kumi mapema basi leo nisingekuwa na cha kuwasimulia, na kesho ningepita mbele ya ofisi ya walimu kama watu wengine badala ya kuwaza kuzunguka nyuma ya jiko la shule kama mwizi wa kuni. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Rehema, maana yeye ataongeza chumvi, na hii haihitaji.

Mimi ni mtu wa kimya (kwenye ripoti ya kidato cha pili mwalimu wa darasa aliandika "ajitahidi kuzungumza", mama akacheka mpaka akakaa chini). Ninachoshindwa kukisema nakiandika kwenye daftari, na daftari langu nimeliandika kwa herufi ambazo hawezi kuzisoma mtu mwingine yeyote duniani, na hapo ndipo penye mambo.

Naishi hapa Mkunya na Bibi Mwanahawa, mama yake mama, kwa sababu nyumba yake iko karibu na shule, mama yuko Lisekese na wadogo zangu. Bibi amechanjwa nembo za Kimakonde, mashavuni, kwenye paji la uso, kidevuni, mabegani, mgongoni, kama walivyochanjwa wasichana wa zamani zake, kwa kisu kidogo na masizi ya mbarika. Kabla sijafundishwa a, e, i, o, u mimi nilikuwa nimeshajua uso wake kwa kidole, nakaa mapajani pake nafuata mistari, huu unapanda, huu unashuka, huu umevunjika katikati kama paa la nyumba, mpaka siku ya kwanza ya chekechea mwalimu aliponipa chaki nikaandika shavu la Bibi ubaoni kwa furaha yote, na nikaambiwa nifute.

Nilipoanza kidato cha kwanza na kununua daftari la siri, nikalirudia lile shavu. Nikachukua mistari ya usoni nikaifanya herufi, K ni ya kidevuni, S ya paji la uso, R ya begani, ikafika mahali zikaniishia. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kumwogesha Bibi jioni, mgongo ulikuwa umemshinda kuinama, tunaingia kwenye bafu la mabua na kata zetu mbili za maji (sisi wa juu huku mlimani maji tunayajua thamani yake), namsugua, na hapo ndipo nilipoiona moja ambayo sikuwahi kuiona, kiunoni, pale wanawake wanapovaa shanga. Nzuri kuliko zote. Kama jani lililofunguka lenye meno pande mbili.

"Hiyo ni yangu peke yangu," Bibi akasema. "Usoni tunafanana wengi. Kiunoni fundi alimpa kila msichana ya kwake. Anaijua babu yako, na ameshakwenda nayo, na wanaijua wenzangu tuliochanjwa pamoja. Sasa na wewe, kwa sababu ya huu mgongo. Isitoke humu bafuni, mke mwenzangu." (Ndivyo anavyoniita, mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu.)

"Haitoki, Bibi."

Na kweli haikutoka kwa mdomo. Ilitoka kwa peni. Usiku ule ule nikaifanya A, kwa sababu A ndiyo inayoandikwa mara nyingi kuliko zote na mimi nilitaka kuichora kila mara. Nilidhani huko ni kumpenda Bibi. Hata sasa nadhani ni kumpenda, ila kwa njia ya kijinga.

Turudi Jumatano. Madam Halima, mwalimu wetu wa Kiswahili, akaingia na mashuka meupe mawili na rangi nyeusi nusu kopo. "Mahafali ya kidato cha nne ni Jumamosi," akasema, "mkuu wa shule anataka utamaduni, wazee watakuja, mgeni rasmi anatoka Masasi mjini. Nani ana wazo la mapambo?" Mimi naangalia saa. Na Rehema, ambaye nakaa naye dawati moja na ambaye nilikuwa namwita rafiki, akasema: "Madam, Somoe ana herufi zake mwenyewe. Nzuri hizo! Kama vinyago."

Daftari likatolewa chini ya dawati. Madam akalifungua, akalishika mbali kidogo, akalishika karibu. "Somoe, hizi umezitoa wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa "kwa Bibi", lakini angeuliza kwa Bibi wapi, na mimi nilikuwa nimeahidi. Leo naona kulikuwa na jibu jingine, "Madam, siwezi", maneno mawili tu, yangetosha. Lakini watu wote walikuwa wamegeuka wananiangalia, masikio yanawaka moto, nikasema:

"Nimezibuni mwenyewe, Madam."

"Mpigieni makofi ya kilo!" Na darasa zima likanipigia. Tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa makofi, na niseme ukweli, nilipenda. Nilipenda mno.

Kuanzia hapo sikuwa na breki. Alhamisi Madam akabandika herufi zote kwenye ubao wa matangazo, kila moja na herufi ya kawaida chini yake, na kufikia Ijumaa kidato cha pili kizima kilikuwa kimeandika majina kwenye majalada ya madaftari, wakina Hamza, wakina Salama, na ndani ya kila jina kiuno cha Bibi yangu kinatembea kwenda maabara. Tukachora shuka la kwanza, KARIBUNI MAHAFALI, herufi moja kubwa kama sinia la wali, tukalitundika nyuma ya meza kuu. Shuka la pili tukalichana kuwa kitambaa kirefu cha kumvisha mgeni rasmi mabegani, ASANTE SANA. Brashi ilikuwa mkononi mwangu. Hesabuni wenyewe zile A. Mimi nilizihesabu palepale, zilikuwa nane, nikajiambia hakuna atakayejua, waliosoma hawazijui na wanaozijua hawakusoma.

Jambo la kuniuma zaidi ni kwamba nilimbembeleza Bibi aje. Bibi akitoka kwenda mbali hufunika nusu ya uso kwa kanga. Mwaka jana tulikwenda naye hospitali Masasi, na pale stendi watoto walimfuata wakiimba "Bibi Ramani! Bibi Ramani!" na tangu siku hiyo kanga haishuki. Ijumaa jioni nikamwambia, "Bibi, kesho usijifunike. Kesho uso wako ndio utamaduni wenyewe."

"Wakinicheka je?"

"Hakuna wa kukucheka. Mimi nipo."

Mimi nipo! Jamani.

Jumamosi akaja. Uso wazi, amepaka mafuta, mistari yote inang'aa, kanga mpya mabegani, akakaa safu ya mbele na bibi wenzake watano, na pembeni yake Bi Sharifa aliyetoka Mnyambe tangu asubuhi kuja kumwona, mwenzake waliochanjwa siku moja na fundi mmoja, mtu wa sauti kubwa ambaye hata akinong'ona mbuzi wanageuka. Nilipowapa shikamoo Bi Sharifa akajibu "marahaba", lakini macho yalikuwa hayapo kwangu, yalikuwa kwenye shuka nyuma ya meza kuu, anaangalia, anakunja uso, anaangalia tena, kama mtu anayesoma barua.

Mgeni rasmi akavishwa kitambaa. Akapenda, akageuka huku na huku watu wakione, akacheza kidogo na kwaya, kitambaa kinapepea. Halafu akashika kipaza sauti. "Nimeambiwa nimevaa herufi zilizobuniwa na binti wa shule hii hii. Yuko wapi? Aje atueleze."

Sijui nilifikaje pale mbele. Nakumbuka kipaza sauti kilipiga mluzi, na nakumbuka Bibi akinitazama kwa uso wake wote, anatabasamu, bado hajaelewa, kwa sababu macho yake ya mbali ni mabovu.

"Hizi herufi..." nikasema, na sauti yangu ikarudi kutoka ukutani kubwa kama ya mtu mwingine. "Nimezibuni mwenyewe."

"Mjukuu wangu!" Bi Sharifa akasimama. "Hizo nyingine ni zetu sote, lakini hicho kiuno hukukibuni wewe! Mimi nilikuwepo kinachanjwa!"

Watu wakacheka kwanza bila kujua wanacheka nini. Bi Sharifa akaja mbele na fimbo yake, akaanza kumsomea mgeni rasmi mabega, ncha ya fimbo kwenye kila A: "Kiuno cha Mwanahawa. Kiuno cha Mwanahawa. Tena hiki hapa. Na hiki." Akageukia shuka. "Na hapo mnatukaribisha kwa viuno vinne!" Wale bibi wengine walikuwa wanapiga mapaja, wanafuta machozi, mmoja ameegemea mwenzake hawezi kupumua, na hawakuwa na ubaya hata chembe, ni furaha ya kukuta maandishi ya ujana wao ukutani. Katika uwanja mzima ule wenye digrii na vyeti, wao peke yao ndio walioweza kusoma. Mgeni rasmi akakivua kitambaa taratibu, kwa vidole viwili, kama amekuta kina siafu, akamkabidhi mkuu wa shule, na mkuu wa shule akabaki amekishika hajui akiweke wapi. Wanafunzi nao wakaanza kupokezana, "Kiuno! Kiuno!"

Mimi nilimwangalia Bibi. Hakucheka wala hakunigombeza. Alivuta kanga yake ikapanda ikafunika uso wote, siyo nusu, wote, akainuka, akaondoka anapapasa njia kati ya viti.

Nilipofika nyumbani nikasema "Shikamoo, Bibi." Hakuitika. Jioni nzima alizungumza na kuku. "Wewe kuku, mwambie mwanafunzi kuna kisamvu jikoni." Mwanafunzi! Siyo mke mwenzangu. "Wewe kuku, mwambie mwanafunzi leo nitaoga mwenyewe." Na akaoga mwenyewe, namsikia kule bafuni anavyoguna na mgongo wake, na mimi nimesimama nje ya mabua na taulo, sina pa kuingia.

Jumapili asubuhi nikaamka saa kumi na mbili. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye mkeka nje anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Nikaleta daftari, nikakaa mbali kidogo, nikaanza kumsomea kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa sababu niliona mimi nimemfunua kiuno mbele ya watu na ninachokificha mimi kipo humo. Nikamsomea yote. Nikamsomea mpaka ile ya kijana wa kidato cha nne anayepiga ngoma kwenye kwaya (kuku akacheka, Bibi hakucheka), nikamsomea siku niliyomwibia sukari, halafu nikafika ukurasa wa Masasi, nikaufunika kwa kiganja.

"Umeishia?" Hilo lilikuwa neno lake la kwanza bila kupitia kwa kuku.

"Hapana." Nikasoma: "Leo stendi watoto walimcheka Bibi. Nikatangulia mbele hatua kumi ili wasijue kuwa ni wangu."

Kisu kikasimama kwenye mng'oko.

"Nilikuona," Bibi akasema.

Nikalia, nalia kama mtoto wa chekechea aliyeambiwa afute. Akaniacha nilie, akamenya miwili mitatu, halafu akasema, "Humo jina langu liko wapi?" Nikasogea, nikamwonyesha, MWANAHAWA. Akalifuata kwa kidole, kama nilivyokuwa nafuata mimi shavu lake, anasimama kila anapoikuta ya kwake. "Kiuno. Kiuno. Kiuno. Kiuno. Vinne kwa jina moja! Ndiyo maana kinaniuma." Na akacheka, bega linatikisika, na mimi nikacheka na makamasi yangu.

Halafu akafuta mchanga kwa kiganja, akachora kwa kidole mstari uliovunjika katikati kama paa. "A yako iwe hii, ya shavuni. Hii inatoka nje kila siku, imeshazoea jua. Ile irudi bafuni. Na siku nyingine ukiulizwa umetoa wapi, sema kwa Bibi."

"Nitasema, Bibi." Na hicho ndicho kiapo changu, mnione hivi hivi, hata nipigiwe makofi ya kilo mia sitasema nimebuni cha mtu. Kesho Jumatatu naanza na ubao wa matangazo, halafu daftari moja moja la kidato cha pili, na nitasema mwenyewe kwa mdomo huu unaotakiwa ujitahidi kuzungumza.

"Shikamoo, Bibi," nikarudia ile ya jana.

"Marahaba, mke mwenzangu. Inuka, Sharifa alilala kwa jirani na anapanda gari saa mbili, tukamsindikize, maana ukimwacha peke yake atakisoma kiuno changu mpaka Mnyambe."

Akajifunga kanga, ya juu akaiacha mabegani. Njia ya kwenda kituoni inapita mbele ya shule, na walikuwepo wanafunzi wanashusha viti, wakatuona, mmoja akaanza "Ki..." Nikamshika Bibi mkono, nikakaa upande wao, kando ya shavu lake, tukapita pamoja, taratibu, mwendo wa mgongo wake, na sikutangulia hata hatua moja.