Kidole cha Jotham kwenye Simu ya Mwambelo

Ambindwile Lukasi Mwambelo, fundi wa nyumba, Masoko. Baba yake, Lukasi, ndiye aliyepandisha kuta za kanisa letu na kuliezeka kwa bati, bati la kwanza upande huu, watu wakatoka Kisiba kwa miguu kuja kusikia mvua inavyolipiga. Babu yake, Mwambelo mwenyewe, alimjengea malafyale, chifu wetu, nyumba za mianzi, akazisuka na kuzipaka udongo mweupe na mwekundu mpaka wageni wakawa wanasimama kuzitazama. Ambindwile naye amejenga zahanati, amejenga nyumba za walimu, amejenga maghala ya kahawa, na hakuna ukuta wake hata mmoja ulioinama. Haya nayaandika mapema kwa sababu mengine yatakayofuata si ya kumsifu, na sitaki mtu adhani namwandika mtu wa hovyo. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimembeba mgongoni.

Ana ugonjwa mmoja tu, nao ni wivu.

Si wivu wa mali. Jirani akinunua ng'ombe, Ambindwile atakwenda kumpongeza na kumshika huyo ng'ombe nundu. Viazi vyako vikikubali, atafurahi nawe. Lakini usimsifu fundi mwingine mbele yake. Tangu mtoto yuko hivyo. Siku moja baba alimsifu kijana wa jirani kwamba anakanyaga udongo wa matofali vizuri. Ambindwile alisubiri watu waende kula, akaumwagia ule udongo ndoo nzima ya maji ukawa uji. Alichapwa, na wakati anachapwa alikuwa anasema, "Lakini wangu ni mzuri kuliko wake!"

Basi huyo ndiye aliyemfundisha kazi Jotham Kabuje.

Jotham alikuja kwake kijana, hana baba, akaanza kwa kubeba zege. Mdogo wangu alimpenda. Alimwonyesha kushika mwiko, kupiga timazi ukuta unyooke, kupanga kenchi za paa. Walikula sahani moja. Hata mwaka ule tulipoambiwa kila laini ya simu isajiliwe kwa alama ya kidole, isiyosajiliwa itafungwa, Ambindwile alikwenda Tukuyu na mkewe Atupakisye na huyo Jotham. Kwenye foleni, mashine ikamkataa mdogo wangu. Saruji ilikuwa imemla alama zote za vidole. Dole gumba, hakuna. Cha shahada, hakuna. Kijana wa mashine akamfuta mkono kwa kitambaa, akamwambia apulizie vidole vipate joto, wapi! Mikono laini kama ya mtoto mchanga, kumbe ni mikono ya kazi.

Jotham akasema, "Mwalimu, si niweke changu? Laini itumike tu, tutarekebisha siku nyingine."

Akaweka kidole chake na kitambulisho chake. Wakanunua maandazi, wakarudi Masoko. Hiyo siku nyingine haikufika. Ambindwile simu yake ilikuwa ya kupigia na kupokea tu. Pesa zote za simu ziliingia kwa mkewe, na malipo mengi aliyapokea mkononi. Jambo la kidole likamtoka kichwani kabisa.

Kisha Jotham akapata kazi yake ya kwanza peke yake, nyumba ya mchungaji, pale barabara inapopinda. Akaiezeka kwa bati la msauzi, lile la kisasa, jekundu, mistari imenyooka kama imechorwa. Jumapili, watu wametoka ibadani, mama mmoja akasema kwa sauti, "Mwambelo, yule kijana wako amekupita!"

Alitania tu. Lakini mdogo wangu alirudi nyumbani, akavua koti, akamwambia mkewe, "Kuanzia leo, jina la yule mtu lisitajwe ndani ya nyumba hii." Na barabara ile akaiacha. Akawa anazunguka kwa chini, kwenye migomba, kwenye utelezi, mtu wa umri wake, ili tu asilione paa la mchungaji.

Miaka ikaenda hivyo. Msibani, Jotham akikaa upande huu, yeye anakaa ule. Jotham akimsalimia, "Ugonile, mwalimu," anajibu huku anatazama migomba.

Sasa hapo ndipo kodi ilipobadilishwa. Zamani, ukienda duka la vifaa vya ujenzi la Jairo pale Tukuyu, alikuuliza kimya kimya, "Na risiti au bila risiti?" Bila risiti ni bei ya chini, kila mtu anajua, na kila mtu anajifanya hajui. Kisha tukatangaziwa kwamba anayelipa kwa simu au benki atatozwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia kumi na sita, anayetoa noti mkononi itabaki kumi na nane. Wenye nyumba wakaanza kudai: fundi, lipa kwa simu, na risiti niione. Ikabidi Ambindwile ajifunze kulipa kwa simu yake. Mara ya kwanza alipopeleka pesa kwa wakala, binti wa kibandani akatazama kioo cha simu, akauliza, "Jotham?"

"Sijatumwa na mtu mimi!" akafoka. "Weka hela!"

Binti wa watu akaweka.

Haikupita muda, kampuni moja ya mabati ikaleta shindano la mafundi. Kila fundi anayenunua bati lao kwa malipo ya simu, namba ya risiti anaituma, anapata pointi. Atakayeongoza Rungwe nzima apewe guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya kubebea mizigo, na picha yake kubwa ibandikwe ukutani dukani kwa Jairo, imeandikwa FUNDI BORA.

Guta ni kitu kizuri, lakini mdogo wangu alichokitaka ni ule ukuta. Aliniambia mwenyewe, ameketi jikoni kwangu, kikombe cha chai kimepoa mkononi. "Dada, baba hakuwahi kupigwa picha. Babu hakuwahi. Mimi nitakaa pale, kila anayenunua msumari anione."

Akaanza kununua. Akatuma risiti ya kwanza, simu ikalia, ujumbe umeingia. Akavaa miwani, akasoma: *Hongera JOTHAM KABUJE! Pointi zako zimeongezeka.*

Mtu mwingine angejiuliza. Yeye wivu ulimsomea ujumbe ule kwa njia yake. Aliona kwamba kampuni inawatangazia mafundi wote habari za Jotham, ili wachomeke roho wanunue zaidi. Na kweli akachomeka! Akaenda akachukua kazi nyingine, akanunua bati, akatuma risiti. *Hongera JOTHAM KABUJE! Umeingia kumi bora.* Akachukua nyumba Kisiba. Akachukua nyingine njia ya kwenda Kiwira. Kila akinunua, Jotham anapanda. Kila Jotham akipanda, yeye ananunua. Alikonda. Alikuwa anasema peke yake njiani, "Analala saa ngapi yule mtu?"

Atupakisye alikumbuka ile siku ya foleni. Akajaribu. "Baba Elina, hizi meseji, labda ni kwa sababu ya yule..."

"Yule nani?"

"Si yule... aliyeweka..."

"Nimesema jina hilo sitaki kulisikia humu!"

Mwanamke akarudi kuchambua mboga. Mimi mambo haya nilikuja kuyasikia kwake baadaye. Jairo dukani naye alijua, kwa sababu kila malipo yalipoingia jina alikuwa analiona. Alinyamaza vilevile. Wivu wa mdogo wangu ulikuwa unamuuzia mabati.

Siku ya zawadi watu walijaa mbele ya duka. Spika kubwa, muziki, vijana wa kampuni wamevaa fulana za njano, guta jipya limefungwa utepe. Mvua ilikuwa inanyunya na hakuna aliyeondoka. Mtangazaji, kijana wa Mbeya mwenye maneno mengi, akapaza sauti: "Fundi Bora wa Rungwe, si mwingine, ni Jotham Kabujeee!"

Jotham alikuwa amesimama karibu na mfereji, ameshika mwavuli. Akashangaa kweli, nilimwona usoni. Yeye kwenye shindano hakutuma risiti nyingi, wenye nyumba wake wengi walikuwa wanajinunulia wenyewe. Mdogo wangu alikuwa kando yangu. Midomo yake ilikauka, ikawa ya kijivu.

"Tumpigie laivu tuhakikishe!" mtangazaji akasema.

Mara wimbo wa kwaya ukaanza kulia ndani ya koti la Ambindwile. Akautia mkono mfukoni, akaikata simu bila kuitazama. Macho yake yako kwa Jotham.

"Jamani, mshindi anatukatia!" Watu wakacheka. "Tunarudia!"

Wimbo ukalia tena. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Mwambelo, si upokee? Huenda ni msiba."

Akapokea. "Hallo! Nani wewe? Niko kwenye shughuli!" Sauti yake ikatoka kwenye zile spika, ikaenda mpaka stendi.

Mtangazaji akageuka huku na huku. "Naongea na Jotham Kabuje?"

"Ukimtaka Jotham si umpigie Jotham! Unanipigia mimi ili iweje?"

"Lakini mzee, namba hii ndiyo iliyoshinda. Ni ya Jotham."

"Namba ni yangu! Nimeinunua kwa hela yangu!"

Wachache wakajiziba midomo. Jotham akapita katikati yao, mwavuli ameushusha, mvua inampiga. Akasimama mbele ya mdogo wangu, akanyanyua dole gumba.

"Mwalimu," akasema polepole. "Kidole."

Nilimwona Ambindwile akikumbuka. Ilimchukua muda, kama mtu anayevua kiatu chenye maji.

Yule mtangazaji alikuwa na huruma yake. Akamsogelea, akafunika kipaza sauti kwa mkono, akamnong'oneza, "Mzee, kubali tu. Sema ndiyo, mimi ndiye Jotham. Tunakupiga picha, unaondoka na guta lako."

"Mimi?" mdogo wangu akasema. "Niitwe Jotham? Na hao wote wananijua?"

Akaondoka, nami nikamfuata. Nyuma yetu mtu wa kampuni alikuwa anaeleza kwamba zawadi inafuata jina na kitambulisho, basi. Wakampiga picha Jotham. Ikabandikwa ukutani.

Jioni hiyohiyo Jotham alileta guta mpaka uani kwa Ambindwile, akaacha ufunguo kwa Atupakisye. "Mwambie mwalimu ni lake. Pointi ni zake." Mdogo wangu hakutoka ndani. Ubavuni mwa bodi palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa FUNDI BORA JOTHAM KABUJE. Kulipokucha alilifunika kwa turubai, likawa limekaa hapo kuku wanalalia.

Nilimwendea. "Ambindwile, unaonea wivu chuma?"

"Si chuma, dada. Nikiingia dukani namkuta ananichekea pale ukutani. Jasho ni langu, meno ni yake."

"Alikuwa anapigwa picha. Ulitaka anune?"

Akainuka, akaenda kuvuta turubai lifunike vizuri lile jina.

Lakini mvua haina wivu wala haingoji. Katika kushindana huko alikuwa amechukua nyumba nyingi kuliko mikono yake, bati limenunuliwa na kupangwa chini, paa bado. Nyumba ya Esnath, muuguzi mstaafu wa Kisiba, kuta zilikuwa zimeanza kulowa juu. Esnath akaja mwenyewe, na mwavuli wake na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Mwambelo, sikukupa kazi ili ushinde pikipiki. Nilikupa kwa sababu baba yako aliezeka kanisa. Kuta zangu zinakunywa maji."

Hakukaa hata kunywa chai. Alipoondoka, mdogo wangu alibaki ameshika fremu ya mlango, anatazama lile turubai. Hilo la baba ndilo lililomwingia. Kisha akasema, ndani ya nyumba ile, mbele ya mkewe na mbele yangu:

"Mwiteni Jotham."

Atupakisye aliangusha kijiko.

Jotham alikuja kabla chai haijapoa, amevua kofia. Wakasalimiana, na safari hii mdogo wangu hakutazama migomba. Akaingia chumbani, akatoka na timazi ya baba, ile risasi nzito iliyofungwa uzi, ambayo hata wanangu walikatazwa kuigusa. Akaiweka mezani, katikati yao, mkono wake bado juu yake.

"Nyumba ya Esnath, Kisiba. Kenchi zimekatwa, bati liko chini ya migomba. Kila kenchi uipigie timazi hii kabla ya msumari. Siyo ya kwako, hii. Kofia za mgongo wa paa usifunge upepo ukiwa mkali. Na mfereji wa nyuma uuinamishe vizuri, mama yule anakinga maji."

"Ndaga, mwalimu," akashukuru. "Na guta?"

"Libebee bati." Akavuta pumzi. "Lile jina ubavuni liache. Rangi ni ghali."

Jotham akataka kucheka, akajizuia. Akanyoosha mkono kuchukua timazi, na Ambindwile akauachia uzi taratibu, kama anayeachia kamba ya ndama.

"Kesho uanze kabla mvua haijashuka," akasema. "Mimi nitakuja mchana kukukagua. Nitapitia barabara ya juu, pale kwa mchungaji."