Jina la Jirani wa Juu

Juzi nilikuwa Ibra, huku Omani, kwenye ofisi ya nyumba za serikali, nangojea zamu yangu na mwanangu mapajani. Mbele yangu dirishani alisimama bibi mmoja wa Unguja, mtandio umemshuka begani, mkono ukiipiga meza kwa kila neno.

"Hao wa juu yangu! Taka wanamwaga mlangoni kwangu, muziki mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Nataka watolewe."

Karani, kijana wetu wa asili ya Unguja aliyezaliwa huku huku, alimwamkia shikamoo kwanza. Kisha akauliza, "Taib, sawa, bibi. Wanaitwa nani?"

Mkono ukasita hewani. "Sijui."

"Umekaa nao muda gani?"

"Tangu mjukuu wangu hajaota meno. Sasa anakwenda skuli." Akajifunika mdomo kwa mtandio, akacheka kwa haya. "Mwanangu, kwetu Unguja ningekutajia mpaka jina la paka wao."

Ni kweli. Mama yangu hadi leo huwataja majirani wa mtaa wake wa zamani kule Unguja nyumba kwa nyumba, na huanza na wakorofi. Mkorofi alikuwa mkorofi wetu. Ukigombana naye asubuhi, mchana mwanawe anakuletea bakuli la mchuzi, nawe hulirudishi tupu.

"Basi nirudi lini?" bibi akauliza.

"Ukishalijua jina."

Akachukua mkoba wake. "Nitawapelekea sahani ya vileja, nipige hodi, niwaulize. Lakini nikishaingia kwao nikala, mwanangu, usiningoje tena hapa."