Orodha ya Malori Mawili

Kompyuta ya ofisi yetu pale Kibondo ilikuwa na betri iliyokufa ndani yake, kwa hiyo kila asubuhi iliamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma, kabla mama yangu hajaolewa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuiambia leo ni lini. Niliandika neno date, nikafuatisha tarakimu, nikabonyeza. Nisipofanya hivyo ilishinda kutwa nzima ikifanya kazi ndani ya wakati ambao mimi na wadogo zangu hatukuwamo.

Nilianza pale kama mfagizi. Shule niliacha darasa la sita, baba alipofariki, na mama akamfuata kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Tulikuwa wanne, mimi wa kwanza. Baada ya matanga, baba zetu wadogo walikaa uani kwetu Kitanga wakatugawa: huyu aende Kasanda, huyu kwa muuza duka Kasulu mjini, mdogo kabisa abaki kwa bibi. Niliwasikiliza mpaka mwisho, kisha nikasema hatugawanyiki.

"Utawalisha nini?" baba mdogo akauliza. "Mawe?"

"Nitawalisha ninachokula mimi."

"Haya. Mwakani tutakuja kuwaona mlivyokonda."

Nikawachukua wote watatu tukahamia Kibondo, kwa sababu makambi ya wakimbizi yalikuwa yameleta kazi. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha, na watu walikuwa bado wanavuka mpaka kutoka Burundi, wiki wengi, wiki wachache. Walikuwamo watoto waliovuka bila mtu mzima. Ofisi yetu ilikuwa ya watoto hao.

Aliyenifundisha kompyuta alikuwa fundi Mkongo aliyekaa kambini, mwanamume mrefu mwenye shati moja jeupe alilolifua kila jioni. Mashine ilikuwa kuukuu, haikuweza kubeba programu mpya za Windows, naye akaiwekea Linux, mfumo wa kuandika amri tu, kutoka kwenye sahani za CD alizopewa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Skrini nyeusi, maandishi ya kijivu, basi. Aliniona nimesimama na ufagio nikisoma.

"Dada, unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi weka ile ufagio chini."

Alinifundisha ls ya kuona vilivyomo, cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, sort ya kupanga, grep ya kutafuta. Niliandika kila kitu kwenye daftari la mistari. Siku ya rm, ya kufuta, aliushika mkono wangu kabla sijabonyeza.

"Mashini hii haina huruma. Ukisema futa, inafuta. Haikuulizake mara mbili."

"Nitajuaje kama imefuta?"

"Itanyamaza. Kama inanyamaza, njo imekubali."

Sikuupenda ukimya ule. Nilizoea watu wanaosema ndiyo au hapana.

Baada ya miezi michache nilikuwa karani. Nilikwenda kituo cha kupokelea karibu na mpaka na daftari kubwa, nikaandika jina la mtoto, umri, jina la baba, la mama, na kilima walichotoka, maana Burundi kijiji hujulikana kwa kilima chake. Nakumbuka msichana mmoja wa miaka kumi au kumi na moja, aliyemshika mdogo wake kiganjani kwa nguvu mpaka vidole vya mtoto vikawa vyeupe. Nilipomuuliza mdogo jina, dada akajibu.

"Huyu haongei tangu mtoni. Niandikie mimi, namsemea."

"Wewe ndiye wa kwanza?"

"Nimebaki mimi wa kwanza."

Niliwaandika. Daftari lile lilipelekwa mjini Kigoma, wakaliingiza kwenye kompyuta yao, wakabaki nalo, wakaturudishia disketi mbili. Moja ilikuwa na orodha fupi: namba, majina mawili, umri. Ya pili ilikuwa na orodha ndefu yenye wazazi na vilima, lakini katika muundo ambao mashine yetu haikuweza kuusoma. Tuliiweka kabatini.

Ikaja amri kwamba watoto wahamishwe, nusu makambi ya upande wa Kasulu, nusu ya upande wetu. Bosi wetu, mama mmoja aliyetoka kaskazini mwa nchi, mtu makini asiyepaza sauti, akaniambia, "Panga kwa jina la ukoo, ndugu wakae pamoja. Halafu kata katikati."

Ilikuwa mistari miwili tu. Sort kwa safu ya jina la pili, kisha nusu ya juu faili moja, nusu ya chini faili jingine. Mashine ikanyamaza. Nilichapa, bosi akasaini, akasema, "Binti, kazi hii zamani ilikuwa ya siku tatu." Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sasa naionea haya.

Kesho yake, asubuhi ya safari, mdogo wangu anayenifuata alikuja kuniletea ufunguo wa ofisi niliousahau. Mlinzi wa geti alimwandikisha kwenye kitabu cha wageni, akapiga kelele kuniita.

"Dada, huyu anasema ni ndugu yako. Mbona jina hili na hili hayajuani? Au mmemwokota?"

Alikuwa anatania. Yeye ni Muha kama sisi, na kaka yake alifanya kazi jikoni kwetu kwa jina lisilohusiana kabisa na la kwake. Kwetu, kama kwa Warundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe anapozaliwa. Hakuna jina la ukoo. Watoto wanne wa tumbo moja, majina manne. Nililijua hilo tangu nimezaliwa, na bado nilikaa mbele ya skrini nikawapanga watoto wa Kirundi kwa jina ambalo hawana. Nilikuwa nimewagawa kama baba mdogo alivyotaka kutugawa sisi, tena bila hata kukaa nao uani.

Nilimkimbilia bosi. Alinisikiliza, akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu kasoro. Lori la Kasulu lilikuwa linapakia. La kwetu lingeondoka saa saba.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Mwezi uliopita tuliwauliza wenyewe, kila mtoto akawa ndugu wa kila mtoto. Siwezi kuzuia malori kwa maneno. Niletee nani ni ndugu wa nani, kwa majina ya wazazi."

Majina ya wazazi yalikuwa kwenye disketi ya pili. Fundi alikuwa ameniambia kwamba kwenye sahani zake, zilizokaa pale ofisini, kulikuwa na programu ndogo ya kusoma faili za namna ile, ila haikuwa tayari. Ilikuja kama maandishi ya watengenezaji, ikabidi ijengwe kwanza humo humo ndani ya mashine. Niliwahi kumwona akijenga programu nyingine, nikaandika hatua zote. Siku hiyo wakimbizi walizuiwa kutoka kambini, hivyo hakuwepo. Lilikuwepo daftari langu la mistari.

Nikafungua furushi la faili. Nikaandika configure, mashine ikaanza kujiuliza na kujijibu, mstari baada ya mstari. Nikaandika make, amri ya kujenga. Maandishi yakapanda kama mchwa ukutani. Nje jenereta ilikohoa, nikamsikia mlinzi akitingisha pipa kupima mafuta. Ilipofika mwisho, badala ya kutulia ikaanza tena mwanzo. Mara ya pili. Mara ya tatu. Katikati ya mistari kulikuwa na onyo lililojirudia, na Kiingereza changu cha darasa la sita kilinitosha kulielewa: faili hizi zimeandikwa katika wakati ujao.

Sikuwa nimeiambia leo ni lini. Nilipitia getini, nikakimbia, nikasahau. Mashine ilikuwa bado kwenye ile miaka yake ya nyuma. Kila ilichokijenga ilikiona cha kale kuliko maandishi yaliyokizaa, ikakijenga upya. Nikasimamisha, nikaandika tarehe, nikafuta vyote ilivyokwisha kujenga, nikaanza upya. Saa nne na nusu. Kwenye redio ya upepo nilisikia sauti ya kituo ikimwambia bosi kwamba lori la Kasulu limeshaondoka.

Programu ilikamilika saa sita kasoro. Nikaisomesha disketi, nikapanga kwa jina la mama, kisha la baba, kisha kilima. Ndugu wakasogea karibu na karibu kwenye skrini. Pembeni ya kila jina niliandika lori. Makundi kumi na moja yalikuwa yamekatwa.

Bosi alisoma ukurasa mzima amesimama. Lori la pili likazuiwa. La kwanza liliitwa redioni mara nyingi, lakini lilikuwa katikati ya vilima na redio haikujibu mpaka jioni. Siku nne zilizofuata watoto walirudishwa kwa ndugu zao. Makundi kumi yalikutana.

Yule msichana aliyemsemea mdogo wake alikuwa katika lori la Kasulu, mdogo wake katika la kwetu. Dereva alisema waliposimama njiani watoto wajisaidie aliwahesabu wakapungua mmoja. Msichana alikuwa amewaambia wenzake anarudi kwa miguu. Tulituma watu barabara yote, mimi nilikuwa mmoja wao, tukauliza kila kijiji. Mwanamke mmoja alimpa maji na kumwonyesha njia. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Mdogo wake alipokelewa na familia ya Kirundi kambini. Nilimtembelea kila Jumapili pamoja na wadogo zangu. Alianza kuongea mwaka uliofuata. Kitu cha kwanza alichoniuliza kilikuwa kama lori limefika.

Nilibaki ofisini. Baba mdogo alikuja kama alivyoahidi, akatukuta wanne, akanywa chai, akaondoka. Kila Jumatatu disketi mpya zilikuja kutoka makambi yote. Niliiambia mashine leo ni lini, kisha kabla ya kazi yoyote niliandika grep, jina la msichana, jina la mama yao, na majina ya faili zote mpya. Fundi alikuwa amesahau kunifundisha kwamba katika amri hiyo ukimya una maana nyingine: hakuna kilichopatikana. Nilibonyeza. Mstari mtupu, na alama ndogo ikiwakawaka, ikisubiri niiambie jambo lingine.