Wimbo wa Baba Kwenye Nyuzi Sita

Komeo la mlango wa jirani yangu hapa Turwa limelegea. Upepo ukipita linagonga ubao, ko, ko, linanyamaza kidogo, halafu ko. Wapangaji wenzangu wanalalamika. Mimi huacha mboga ninayochambua nikasikiliza, maana ndivyo baba alivyokuwa akigonga kwa pete ya chuma aliyovaa kwenye dole gumba la mguu, alipokuwa akipiga nyatiti.

Nyatiti, kwa asiyeijua, ni ala yetu Wajaluo yenye nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, vidole vinacheza na nyuzi, mguu unagonga ubao. Baba aliketi hivyo jioni akitoka shambani, miguu ingali na udongo, akinukia tumbaku, akapiga wimbo alioutunga mama alipofariki. Haukuwa na maneno mengi. Alitaja jina la mama, kisha akaiachia pete iseme.

Baba naye alipofariki, baba mkubwa alivuka mpaka kutoka Migori kuja kuzika. Matanga yalipokwisha aliifunga nyatiti kwa shuka, akaipakia kwenye pikipiki. Nilimwomba aiache. Hakunifokea. Aliniambia kwa upole kwamba mwanamke haketi kwenye nyatiti, na Otieno, kitindamimba wetu, bado anabebwa mgongoni. Sasa ibaki ya nani?

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Muhula ule niliacha shule, nikaanza kulima na kufua nguo za watu. Njaa niliizoea. Kilichonitisha ni kwamba Otieno angekua bila kuujua mlio ule.

Gitaa hakuna aliyenikataza. Mwalimu Chacha, mstaafu niliyekuwa nikimfulia, alikuwa na gitaa la nyuzi za nailoni, na alipiga nyimbo za kanisani kwa vidole vitupu, bila kuimba, lakini ukasikia kwaya nzima. Nilipomweleza shida yangu alicheka, akasema Mkurya kama yeye akianza kumtunzia Mjaluo nyatiti yake basi dunia imekwisha. Halafu akaniwekea gitaa mapajani.

Nilihangaika sana. Nilitaka kila kitu kiingie: nyuzi zote nane, pete, sauti ya baba, hata njuga alizofunga mguuni. Vidole viligombana. Kilichotoka kilikuwa kama sufuria zinazoanguka jikoni.

“Ninyi Wajaluo mkihama mnapakia mpaka jivu la jikoni,” Mwalimu alisema. “Hazitaingia zote, binti. Chagua.”

“Nikiacha kitu si utakuwa wimbo mwingine, Mwalimu?”

“Ukichagua vizuri, anayesikiliza hataulizia ulichoacha.”

Akanishauri nitafute kile ambacho kikitolewa wimbo unakufa, hicho nikikabidhi kwa kidole gumba, na mengine yote yaombe nafasi. Nililifikiria jambo hilo nikipalilia mihogo, nikisuuza mashuka yake. Mapambo ya juu, yale baba aliyoyatia wageni wakiwepo, niliyaacha. Nikabakiza mwendo wa nyuzi nene. Jina la mama likawa sauti chache nyembamba, na badala ya pete nikagonga ubao wa gitaa kwa kifundo cha kidole. Pale baba alipokuwa akivuta pumzi, nami nilinyamaza. Nilichelewa kugundua kuwa kimya kile nacho kilikuwa ndani ya wimbo.

Siku nilipoupiga mpaka mwisho, Mwalimu aliuliza tu kama chai ipo. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na sukari siku hiyo niliitia bila huruma.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliazima gitaa nikaketi mlangoni petu. Otieno alikuwa ameshaanza shule. Akinyi, anayenifuata, aliposikia ko ya kwanza aliweka chini ungo wa mchele, akajifunika uso kwa kanga. Otieno alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa polepole.

“Mzuri, dada,” alisema. “Ni wa nani?”

Nikamwambia ni wa baba. Aliitikia kwa adabu, kama mtoto aliyetajiwa mgeni wa jirani, kisha akakimbia kucheza.

Kwa miaka nilidhani nilikosea kuupanga, kwamba uzi nilioutupa ndio ambao Otieno angeutambua. Sasa najua sikukosea. Wimbo uliopangwa vizuri humrudisha mtu kwa wale waliomjua. Kwa asiyemjua, unajitosheleza, haumdai mtu yeyote. Mwalimu alisema kweli kwamba msikilizaji hataulizia nilichoacha. Nilichoacha kilikuwa baba.

Mwalimu ameshatangulia, baba mkubwa vilevile, na nyatiti nasikia ililiwa na mchwa. Otieno anachimba dhahabu huko Nyakunguru. Aliwahi kunirekodi, akaufanya wimbo ule mlio wa simu yake. Juzi nilimpelekea unga, simu ikaita, mwenzake wa shimoni akauliza huo ni muziki gani.

“Wimbo wa dada,” Otieno akajibu, mikono yake imejaa tope.

Zamani ningemsahihisha. Nilishika mfuko wangu wa unga nikasikiliza, ko, ko, mpaka aliyepiga alipokata.